Kahawa Ambayo Sikuing'ata

Daktilo wetu, yaani mpiga taipu, amefariki. Mwanawe aliniandikia kutoka Kibabi kwamba walimzika juu ya shamba lake, karibu na migomba, na kwamba mvua ilisimama wakati wa ibada kisha ikaendelea. Mwishoni mwa barua aliomba kitu kimoja. Wajukuu wanajua tu kwamba babu yao alipiga mashine ya kuandika "kwa mzungu wa sheria"; hawajui ilikuwa sheria gani, wala aliketi na nani. Kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki, niwaandikie habari za babu yao na za wenzake.

Kwanza niliandika kurasa tano. Zilikuwa na vichekesho vyake, na kofia yake, na namna alivyopiga mashine kwa vidole vinne tu akatushinda sote kwa mbio. Nilipofika kwenye kahawa ya Mpofi niliiruka, nikaenda moja kwa moja kwenye sikukuu ya Noeli ya mwaka ule. Nilipozisoma kesho yake nikaona nimefanya tena kile kile nilichofanya ujanani. Nikazitia motoni. Kurasa hizi ni nyingine.

Biro yetu, ofisi ya sheria, ilikuwa Masisi, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na baraza, mahali ambapo ukungu uliingia asubuhi kupitia dirishani na kulowesha karatasi. Mkubwa wetu alikuwa wakili Mbelgiji. Tulimwita Metre, kama mawakili wanavyoitwa kwa Kifaransa. Alikuja baada ya vita vikuu vya pili, wakati wazungu wa mashamba ya milimani na wafanyabiashara wa kule chini Walikale walipoanza kupeleka kahawa nyingi Ulaya. Kazi yake haikuwa kesi za wezi wala za mipaka ya mashamba. Aliandika mikataba kati ya muuzaji wa huku na mnunuzi wa Anvers, bandari kubwa ya kwao, watu wawili ambao hawangeonana maisha yao yote. Wakigombana, yeye ndiye aliyeandika barua za kujibu.

Chini yake tulikuwa watatu. Daktilo nimekwisha kumtaja. Mimi nilikuwa karani. Nilizaliwa Lushebere, wazazi wangu walilima maharagwe na viazi, na mapadri walinipeleka sekondari wakati wa vita. Nilikuwa na cheti na mwandiko mzuri, na nilijua kwamba ni mzuri. Wa tatu alikuwa mng'ataji.

Sijui kama cheo hicho kilikuwako mahali pengine. Metre alikuwa mtu asiyeamini karatasi peke yake. Kabla hajaandika cheti cha kusema kwamba kahawa fulani ni kavu na safi, alitaka mtu wa biro aende mpaka ghalani, atoboe magunia kwa chuma chenye tundu, atoe punje hapa na pale, azing'ate. Punje iliyokauka vizuri inavunjika kwa mlio mdogo mkavu. Ile yenye maji inapokea alama ya jino kama mkate. Baada ya kung'ata, mtu huyo alijaza makopo mawili kutoka magunia yale yale. Kopo moja lilikwenda Anvers pamoja na cheti, la pili lilibaki kwenye rafu yetu. Juu ya kifuniko tulibandika etiketi yenye sahihi mbili, ya aliyeng'ata na ya shahidi aliyemwona aking'ata. Mnunuzi angefungua magunia na kulinganisha na kopo. Biashara yote ya Metre ilisimama juu ya makopo yale.

Mng'ataji alikuwa mtu wa Mpofi, upande wa Walikale, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa amesoma darasa nne tu, lakini alijua kahawa. Hakutafuna muwa, hakufungua chupa kwa meno, na mkewe alimpikia nyama mpaka ikalainika kabisa. Daktilo alimtania kila siku.

"Mukubwa, siku ile meno itaanguka, Metre atakufukuza ao atakununulia ya chuma?"

"Atakata yako wewe," mng'ataji alijibu. "Iko inalala tu mu kinywa, haina kazi. Hata maneno inatoka pembeni."

Ni yeye aliyenifundisha kung'ata. Alinipa punje tatu kiganjani, akaniambia nifumbe macho na kusikiliza kwa taya, si kwa masikio. Nilikosea mara nyingi na alicheka, lakini hakuchoka. Aliniita mudogo wangu. Jumapili alikuwa mmoja wa wale waliosimama mbele katika shapeli ya Mpofi kuongoza sala padri alipokuwa mbali, na watu wa huko walimletea magomvi yao ya kupima na kuuza, kwa sababu neno lake lilikuwa halibadiliki. Akisema gunia hili ni bichi, mwenye gunia alilirudisha juani bila kubishana.

Kanuni ilisema shahidi aone. Lakini kutoka Masisi kushuka Mpofi kwa kamyo, lori la mizigo, katika matope, ilikuwa siku nzima, na mimi sikupenda matope. Mara nyingi yeye alikwenda peke yake, akarudi na makopo, nami nikatia sahihi kwenye meza yangu, nikiwa nimevaa viatu safi. Metre hakujua. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nilikuwa nimelizoea hata halikuonekana tena kama kosa.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika msimu wa mvua, mjomba wa mng'ataji alikufa msituni, mbali na barabara. Alikuwa mzee mwenye cheo cha kimila. Kwa watu wao mtoto wa dada ndiye aliyepaswa kunyolewa na kukaa siku kadhaa penye kibanda cha wahenga, akifanya yanayofanywa huko. Mapadri walikuwa wamekataza mambo hayo. Mtu aliyeongoza sala shapelini akionekana huko, angewekwa nyuma ya kanisa, asipewe komunyo. Kwa hiyo hakuweza kuomba ruhusa na kusema anakwenda wapi.

Jumamosi alinikuta barazani. Alikuwa na etiketi mbili mkononi.

"Mudogo wangu, mi naenda kulia muyomba wangu," aliniambia. "Kama siende, mama yangu hataniita tena mutoto. Na kule ku Mpofi kuna kahawa ya yule mufanyabiashara, inapanda kamyo siku ya ine. Shuka siku ya pili. Toboa, ng'ata, jaza makopo. Mi nimeishaweka sahihi yangu hapa. Nakuamini."

"Na kama iko na maji?"

"Kama iko na maji, chana etiketi, uambie yule bwana aianike. Asikutishe. Anapendaka kupiga kelele, lakini anaogopa Metre."

Nilichukua etiketi. Nilimwambia aende kwa amani, nitafanya yote. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe. Nataka hilo liandikwe pia, ingawa halinisaidii.

Jumatatu nilipata barua kutoka kwa wakubwa wa serikali. Wakati ule serikali ilikuwa ikitoa kadi kwa Waafrika iliowahesabu kuwa wamestaarabika. Mwenye kadi hakupigwa kiboko, na wazungu wengine walimpa mkono. Nilikuwa nimeiomba muda mrefu. Barua ilisema komisiyo, tume yao, itafika nyumbani kwangu Jumanne au Jumatano kutazama ninavyoishi. Haikutaja siku.

Jumanne, ile siku ya pili aliyoniambia, sikushuka Mpofi. Nilikaa nyumbani nikiwa nimevaa tai, mke wangu akiwa ametandika kitambaa juu ya meza, na uma na visu tulivyoazima kwa mwalimu vikiwa vimepangwa. Hawakuja. Walikuja Jumatano saa nane mchana. Mmoja alifungua kabati, mwingine alikwenda kutazama choo, wa tatu alimwuliza mke wangu kama tunakula pamoja mezani. Mke wangu alijibu ndiyo, huku akitazama chini, kwa maana tulikuwa tumekula pamoja mezani kwa siku mbili tu. Walipoondoka kamyo ya kushuka ilikuwa imekwisha kwenda.

Alhamisi asubuhi kahawa ilikuwa ikipakiwa Mpofi na cheti kilikuwa kikingojwa. Ningeweza kumwambia Metre ukweli: kahawa haijapimwa, azuie kamyo siku mbili. Angenikasirikia, angeuliza mng'ataji yuko wapi, na labda angewaambia rafiki zake wa komisiyo kwamba karani wake si mtu wa kutegemea. Nilifikiri haya yote kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Katika chumba cha rafu kulikuwa na nusu gunia la kahawa nzuri ya mzigo uliotangulia. Nilijaza makopo mawili kutoka humo. Nilibandika etiketi zenye sahihi ya mwenzangu, nikatia na yangu chini yake. Mwandiko haukutetemeka hata kidogo.

Nilipogeuka, daktilo alikuwa mlangoni na karatasi mkononi. Alitazama gunia, akatazama makopo. Nilimwambia Metre anataka karatasi hiyo haraka. Akaenda.

Mng'ataji alirudi wiki iliyofuata, kichwa kimenyolewa na kinang'aa.

"Ee mukubwa!" daktilo alisema. "Nani alikupiga pasi ku kichwa?"

"Chawa," alijibu, akacheka. Kisha aliniuliza pembeni: "Kahawa ilikuwa namna gani?"

"Kavu," nilisema.

"Uliing'ata muzuri?"

"Niliing'ata."

Akanishika bega. Nikamwambia na habari ya kadi, kwamba wamenikubalia, naye akafurahi kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Ilipita miezi mingi. Kahawa ilisafiri kwa kamyo, kwa mashua, kwa gari la moshi, kwa meli, nasi tukaisahau. Kisha ikafika barua ya mwenzake Metre kule Anvers. Magunia yalipofunguliwa yalikuwa na ukungu mweupe na harufu ya nguo iliyooza. Lakini kopo lilikuwa na kahawa safi kabisa. Baadaye tulijua kwamba paa la ghala la Mpofi lilikuwa likivuja wiki ile, na magunia ya chini yalikuwa yamelala majini. Mtu yeyote mwenye meno angejua.

Metre hakupiga kelele. Alishusha kopo letu kutoka kwenye rafu, akalifungua, akamwaga punje juu ya meza, akang'ata moja. Ikavunjika kwa mlio. Akaniita. Daktilo alikuwa kwenye mashine yake, hatua tatu kutoka kwetu.

"Hii kopo haikutoka mu ile magunia," Metre alisema kwa Kiswahili chake. "Nani alijaza?"

Watu huuliza, mtu akisema uongo mkubwa, kama alifikiri kabla. Sikufikiri. Jibu lilitoka likiwa limepangwa vizuri, kama barua.

"Mng'ataji alinipa makopo yakiwa yamejaa, Metre. Mimi niliweka sahihi tu."

"Bila kuona?"

"Nilimwamini."

Mashine ya daktilo ilikuwa imenyamaza. Metre alitazama dirishani. Alisema kutia sahihi bila kuona ni aibu kwa mtu mwenye kadi, na nisirudie tena. Kisha akamwita mng'ataji.

Sasa nieleze kilichokuwa hatarini siku ile, maana wajukuu hawataelewa. Haikuwa kazi tu. Kopo la uongo lilimaanisha kwamba mwenye kahawa amemhonga aliyelijaza. Mtu akikubali rushwa na kujaza kopo la uongo, hakuna mfanyabiashara mwingine, mzungu wala mweusi, atakayemruhusu kugusa gunia lake. Mwenzangu hakuwa na cheti kama mimi. Alikuwa na neno lake. Neno hilo likivunjika Masisi, lingefika Mpofi kabla yake.

Metre alimwonyesha etiketi. "Hii mukono ni yako?"

"Njo yangu, Metre," alikubali.

"Ulijaza wewe?"

Aligeuza kichwa, akanitazama. Sikuona hasira machoni pake. Alinitazama kama mtu aliyesimama mlangoni akimpisha mwenzake apite kwanza. Alikuwa ananingoja niseme. Nilijua kwamba ananingoja. Nikatazama kidole changu, kilikuwa na doa la wino, nikaanza kulifuta.

"Metre," alisema mwishowe, "sahihi ni yangu. Sina neno ingine."

Alifukuzwa siku ile ile. Wakati ule kila mfanyakazi alikuwa na kitabu chake cha kazi, na mwajiri aliandika ndani yake sababu ya kuachana naye. Metre alinipa mimi niandike, kwa ajili ya mwandiko wangu. Niliandika kwa Kifaransa kwamba ameondolewa kwa kukosa uaminifu. Nilifanya herufi ya kwanza kubwa na yenye mkia, kama nilivyozoea. Nikakausha wino, nikamkabidhi. Alikipokea kwa mikono miwili.

Mwezi wa Desemba Metre alikuwa na desturi ya kutuma karatasi ya habari kwa wateja na kwa wenzake wa Ulaya: nani ameoa, nani amezaa, nani ameingia kazini, nani ameondoka. Mimi niliitunga, daktilo aliipiga. Metre hakutaka wateja wajue aibu ya biro, akasema tuandike tu kwamba mng'ataji ameacha kazi kwa hiari yake ili arudi kulima. Niliweka karatasi mbele ya daktilo. Aliisoma.

"Kwa hiari," alisema.

"Metre njo amesema."

"Kaka, weye unajuaka kuandika sana." Akapiga mstari mzima kwa vidole vyake vinne. Kisha akaongeza, bila kuniangalia: "Nilikuona, unajua."

"Najua."

"Niko na watoto tano. Nikisema, tutafukuzwa wawili, na yule hatarudi. Lakini usinipe tena karatasi ya namna hii. Andika yako, piga yako."

Hilo ndilo jambo la babu yenu ambalo sikuweza kuliruka. Alinyamaza kwa ajili yangu na kwa ajili ya watoto wake. Mzigo huo alibebeshwa na mimi. Tangu siku ile alinitania kidogo zaidi kuliko zamani. Wengine hawakuona tofauti. Mimi niliiona kila asubuhi.

Miaka ya hamsini ilikuwa karibu kwisha nilipokwenda Mpofi. Nilikuwa nimesikia habari: mng'ataji alijaribu kazi kwa wafanyabiashara wawili, wakasoma kitabu, wakamrudishia. Kwenye shapeli walisikia kwamba alikula rushwa. Kisha mtu akakumbuka kile kichwa kilichonyolewa, na mambo mawili yakaunganishwa kuwa moja. Wakamwambia akae nyuma. Watu hawakumletea tena magomvi yao. Nilikwenda na barua niliyoiandika mwenyewe na kumwomba Metre aitie sahihi, ya kusema kwamba alikuwa mfanyakazi mzuri. Metre aliitia bila kusoma sana. Alikuwa na mengine ya kufikiri, wazungu wote walikuwa nayo, kwa maana uhuru ulikuwa unakaribia.

Nilimkuta akipalilia mihogo. Alinawa mikono, akaniletea kiti. Mkewe alinisalimia kwa jina la kazi tu, "Karani," akaingia ndani, hakutoka tena mpaka jioni.

Nilimweleza yote. Komisiyo, nusu gunia, makopo. Alikuwa anajua karibu yote. Hakujua tu habari ya uma na visu. Hiyo ilimchekesha kidogo.

"Uma za mwalimu," alisema. "Njo ziliniua."

"Mukubwa, kwa nini hukusema mbele ya Metre?"

"Ningesema nini? Kwamba nilikuwa ku kibanda ya wahenga? Na wewe ungesema hapana, na mi ningesema ndiyo, na mwenye cheti angeshinda. Ilikuwa neno yako, mudogo. Nilikuachia."

Nilimpa barua. Aliishika mbali na macho, akanirudishia niisome. Nikasoma. Akatikisa kichwa.

"Hii inasema nilikuwa mutumishi muzuri. Mi najua. Sitaki karatasi tena. Kesho ni siku ya Mungu. Kuja ku shapeli, simama, ueleze bantu hii maneno yenye umenieleza hapa. Tu hii. Kisha nitarudi kukaa mbele, na wewe utaenda kwako, na hatuna kesi."

Nilikubali. Nililala kwake.

Shapeli ilijaa. Alikaa nyuma, mahali alipowekwa, na mimi karibu naye. Baada ya matangazo katekista alisema kuna mgeni kutoka Masisi mwenye neno. Nilisimama, nikaenda mbele. Nilikuwa na koti na kadi yangu ndani ya mfuko wa koti. Niliona nyuso zote, akina mama na watoto wao mgongoni, wazee wenye fimbo, wote wakinitazama kwa heshima, kama mtu mkubwa amekuja. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo na watu wengi kwa mara moja.

Nikawasalimu. Nikasema nimefanya kazi na mzee wao miaka mingi. Nikasema alikuwa mtu wa bidii, alinifundisha kazi, Metre anamkumbuka, hapa nina barua yake. Niliisoma barua yote, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Nikasema yaliyotokea yalikuwa bahati mbaya. Nikasema Mungu awabariki. Watu wakapiga makofi. Nikarudi kukaa.

Kahawa sikuitaja.

Nje, chini ya mteremko, alinisindikiza mpaka mahali pa kungojea kamyo. Alikuwa amenibebea mkungu mdogo wa ndizi, kwa maana mgeni haondoki mikono mitupu. Tulipokuwa tunakaribia, wanaume wawili walitupita, mmoja akamwita kwa sauti ya kucheka: "Eh Papa, ulimulipa kiasi gani yule karani akuje kukusifu?"

Aliweka ndizi chini kando yangu.

"Umesikia," alisema. "Jana nilikuwa muntu mwenye alikula rushwa. Leo niko muntu mwenye anatoa."

"Nitarudi, mukubwa. Nitasema."

"Sawa."

Sikurudi. Kwanza kulikuwa na kazi, kisha kulikuwa na uhuru, Metre akafunga biro na kuondoka na rafu zake. Kisha nikasikia kwamba mng'ataji amefariki, na kwamba ibada yake ilifanywa nyumbani, si shapelini. Daktilo ndiye aliyeniletea habari hiyo. Tulikaa muda mrefu kwenye kizingiti changu. Alisema tu, "Basi," akavaa kofia yake.

Kwa hiyo, wajukuu wa daktilo, hizi ndizo habari za wenzake babu yenu. Yeye alikuwa mtu wa kweli aliyelazimishwa kunyamaza. Mng'ataji hakujaza makopo yale, hakula rushwa ya mtu, hakudanganya hata siku moja kuhusu kahawa. Nilijaza mimi, nikiwa na akili zangu, ili nipate kadi ambayo leo hata panya hawaitaki.

Kabla sijawatumia kurasa hizi, nilitengeneza nakala kwa mkono na kumpelekea mwana wa mng'ataji, ambaye ni mwalimu Mpofi. Nilimwomba azisomee watu wa shapeli, kwa sababu mimi ni mzee. Jibu lake lilifika juma hili, mistari miwili. Anasema amesoma. Anasema hatawasomea, kwa sababu baba yake hakuomba karatasi. Kanisa liko pale pale, na Jumapili lina nafasi.

Nimeulizia gari. Linashuka Mpofi Ijumaa asubuhi, kama barabara haijakatika. Nimemwambia mke wangu asipige pasi koti; safari hii siendi nalo.